Mazoezi ya kikapu ya Jumamosi, Kisasa: namba nne mfupi anafundishwa nini?

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikimpeleka mwanangu, kijana wa miaka 17 mwenye kimo cha mita 1.86, kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu yanayofanyika kila Jumamosi asubuhi katika uwanja wa saruji maeneo ya Kisasa hapa Dodoma, kwa ada ya shilingi 5,000 kila kipindi. Anacheza namba nne, yaani mshambuliaji anayepambana karibu na kikapu, nafasi ambayo kwa kawaida hupewa warefu, na anatamani kupata ufadhili wa masomo ya chuo nchini Marekani kupitia mchezo huu. Kocha wake wa awali, ambaye sitamtaja, alimwambia mbele ya wenzake kwamba kwa kimo hicho aisahau nafasi hiyo, na kijana alirudi nyumbani siku hiyo bila kutaka kula.

Kisasa alipokelewa vingine. "Mama, urefu tutauangalia baadaye, kwanza nione miguu yake," kocha aliniambia. Alichora nusu duara kwa chaki chini ya kikapu, akamsimamisha mwanangu mbele ya kijana anayemzidi kichwa kizima, akamwonyesha namna ya kushusha nyonga, kumbana mwenzake kwa mgongo na kuhamisha mguu mmoja kabla mpira haujagusa chuma. Mara ya kwanza alisukumwa hadi nje ya chaki. Kufikia wiki ya sita, aliyekuwa akitolewa nje ya chaki ni yule mrefu.

Mfano anaopenda kocha unatugusa Watanzania, tena kwa uchungu kidogo. Februari 2009, Hasheem Thabeet wetu, mwenye mita 2.21, akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, alikutana na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwenye mita 2.01. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23 (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa kikapu), Pittsburgh ikashinda kwa 76 dhidi ya 68, na mwisho wa msimu wawili hao wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Blair hakumshinda Thabeet kwa kuruka, bali kwa kuwahi mahali mpira utakapoangukia na kukataa kuondolewa hapo.

Hata hivyo, hapo ndipo nina shaka na mazoezi haya, kwa kuwa namba nne mfupi wa chuo leo hawezi kuishi kwa ribaundi peke yake. Draymond Green, mwenye takribani mita 1.98, msimu wake wa mwisho katika chuo cha Michigan State, 2011–12, alikuwa na wastani wa pointi 16.2, ribaundi 10.6 na pasi za kufungia 3.8 kwa mchezo. Alimvuta beki mrefu mbali na kikapu, kisha akampita au akatoa pasi. Tangu msimu wa 2019–20 mstari wa pointi tatu wa vyuo vikubwa kwa wanaume umesogezwa hadi mita 6.75, kwa hiyo mtupo wa mbali unahitaji mazoezi mengi zaidi. Kisasa mitupo hiyo hupewa dakika 15 za mwisho, karibu saa nne, wakati upepo wa Dodoma umeshaanza kuuhamisha mpira hewani. Kocha anasema upepo hauna dawa. Mimi naona dawa ipo: mitupo ianze saa moja, kukiwa kumetulia.

Jambo la pili linahusu ukweli ambao wazazi tunapaswa kuambiwa mapema. Green na Blair, ambao huko waliitwa wafupi, wanamzidi mwanangu kwa sentimita 12 na 15. Kijana wa kimo chake anayetaka chuo cha Marekani lazima ajifunze pia kuudunda mpira na kukaba wachezaji wa pembeni, na mafunzo hayo sijayaona hapa hata mara moja.

Kwa miguu, nyonga na ujasiri chini ya kikapu, sijaona huduma iliyo bora zaidi mjini, nami naendelea kulipa. Mitupo anaifanyia nyumbani, 200 kila jioni kwenye kikapu tulichofunga ukutani, nami ndiye ninayemhesabia.