Kahawa chungu ya Mikindani na chai ya asubuhi: uzoefu wangu

Kila nikikaa barazani hapa Mikindani mjadala ni ule ule: kahawa na chai, ipi inamuumiza mtu? Zote mbili nazinywa, na kwangu jibu haliko kwenye buni wala majani ya chai. Liko kwenye sukari.

Chai ya kwa mama lishe huja imeshatiwa sukari humo humo kwenye chupa, na inatiwa kweli kweli. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu ni gramu 24, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 50 kwa siku, na akiweza abaki chini ya 25. Hapo andazi hujaligusa.

Kwa mzee wa kahawa hali ni nyingine. Analitoa birika kwenye makaa, anamimina kikombe kidogo kisicho na mkono, na tangawizi inakufikia puani kabla ya kahawa yenyewe. Kuna kijana aliwahi kumuomba sukari, akajibiwa, "Mwanangu, hii ukiitia sukari si yangu tena." Hapo nampa alama zote. Ila kashata nazo ni sukari, moja inatosha.

Usingizi ni suala la saa. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 kina kama miligramu 95 za kafeini (kile kinachofukuza usingizi), chai ya rangi ya kiasi hicho ni karibu nusu yake, na mwili huchukua kama saa tano kuitoa nusu ya kafeini uliyokunywa. Mimi mwisho wangu ni alasiri, nikivusha isha nakesha. Unaponunua ya kupika nyumbani, uliza buni imetoka wapi: buni ya aina ya robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya aina ya arabika ya Mbinga.

Dada zangu wajawazito na wenye upungufu wa damu, chai msiinywe pamoja na chakula, tafadhalini. Huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Kahawa nayo huzuia, ila chai zaidi. Subirini kama saa nzima baada ya kula. Na kafeini kwa mjamzito isizidi miligramu 200 kwa siku.

Kahawa ya mzee ina kasoro moja: inachemshwa na unga wake na haichujwi kwa karatasi, hivyo mafuta ya buni yanayopandisha kolesteroli yanabaki humo. Mwenye tatizo hilo, chai ya rangi inamfaa zaidi. Kuhusu saratani, mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiondoa kahawa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa. Wanachokishuku sasa ni kinywaji chochote cha moto unaozidi nyuzi 65, chai ikiwemo, kwa hiyo usiinywe ikiwa inafuka.

Kwa mama lishe ombi langu ni moja, sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Ninakokunywa mimi, ukiwahi alfajiri kabla hajaikoroga chupa nzima, anakuchotea yako pembeni bila neno.