Uzoefu wangu: kozi ya uhandisi kwa vitendo katika chuo cha jamii (4/5)

Muhula mmoja wa wiki 16, vipindi viwili kwa wiki, kila kipindi saa tatu. Ukitoa mafunzo ya usalama, mitihani na muda wa kusubiri zamu, unabaki na kama saa 60 za kushika chuma na waya kwa mikono yako. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa kozi yoyote ya namna hii. Orodha ndefu ya mashine haina maana kama watu 12 wanapanga foleni kwenye lathe moja (mashine inayozungusha chuma ili kichongwe). Hapa tulikuwa 12 kwa lathe nne, na ilitosha kwa shida.

Sehemu bora ni ile ambayo wanafunzi wengi huidharau: jiliwa (kibanio cha mezani) na tupa (chuma chenye meno ya kusugulia). Unapewa kipande cha chuma laini, 50 kwa 50 kwa unene wa mm 10, ukifanye mraba kamili kwa mkono, kosa lisizidi mm 0.1. Ukiweka skwea (kipimo cha pembe mraba) juu ya uso na kuuinua kwenye mwanga, utaona kipande chako kina tumbo katikati. Sababu ni kwamba tupa inapepesuka kama bembea. Mwanzo wa msukumo, uzito uwe kwenye mkono wa mbele, katikati ulingane, mwisho uhamie mkono wa nyuma. Tupa hukata inapokwenda mbele tu, kwa hiyo ukiigandamiza unaporudi unaua meno yake bure. Paka chaki kwenye meno kabla ya kuanza, la sivyo chembe za chuma zitajikaza humo na kuchora mistari mirefu kwenye uso uliokwisha kuulainisha.

Halafu unakata hesi (mistari ya kuzungushia bolti) ya M8, yaani ya bolti ya mm 8, kwenye kipande hichohicho. Hesi hiyo ina hatua (umbali kati ya mstari na mstari) ya mm 1.25, na 8 ukitoa 1.25 unapata 6.75, ndiyo maana tundu hutobolewa kwa keekee (chuma cha kutobolea) ya mm 6.8. Ukitoboa 6.5, tepu (chuma cha kukatia hesi) inakaza hadi inakatika. Ukitoboa 7.5, bolti inaingia vizuri kabisa, kisha inachomoka siku ya kwanza ya kubeba mzigo. Zungusha tepu nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike, na usisahau mafuta. Tepu iliyokatikia ndani ni ngumu kama keekee yako au zaidi, kwa hiyo usifikiri utaitoboa tu uitoe.

Kwenye lathe kazi ni kupunguza nondo ya mm 25 ifike 20, kwa ruhusa ya 0.05 juu au chini. Mwalimu anafundisha hesabu ya mwendo kabla hujagusa swichi: kasi ya kukata mara 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini na kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), mita 25 kwa dakika, unapata mizunguko karibu 318 kwa dakika. Unachagua gia iliyo karibu na hapo, kwa chini. Wanaokwenda 800 ili wamalize mapema wanachoma ncha ya kisu na kurudi kwenye jiwe la kunolea, wakiwa wamechelewa zaidi. Ukichonga uso wa mwisho na pakabaki kichuchu katikati, kisu hakiko sawa na kitovu cha nondo. Weka vibati chini yake au uviondoe.

Makosa ya vipimo yalikuwa na chanzo kilekile karibu kila mara, na sikupenda kwamba kilielezwa juujuu. Kwenye mashine nyingine gurudumu lenye alama (la kusogezea kisu) linasoma kipenyo, kwenye nyingine linasoma nusu kipenyo. Ukisogeza 0.5 kwenye hiyo ya pili, kipenyo kinapungua mm 1 nzima. Pia skrubu yake ina ulegevu: ukipitiliza alama, usirudi kidogo ukaridhika. Rudi mzunguko mzima, kisha ukaribie upya ukitokea upande uleule. Kuna anayesingizia joto. Nondo ya mm 20 ikipanda nyuzi 40 inatanuka karibu mm 0.01 tu, kwa hiyo ukikosea 0.2 tafuta kisingizio kingine.

Usalama waliusimamia vizuri. Ufunguo wa taya za lathe (zinazobana nondo) hauachiwi mkono ukiwa bado kwenye taya, hata kwa sekunde moja, na glavu haziruhusiwi kwenye mashine inayozunguka.

Nyota niliyokata inahusu umeme. Mabao ya majaribio (vibao vya mashimo vya kuchomekea vipande vya umeme) yalikuwa yamechoka, mashimo yamelegea, na baadhi yana mistari ya umeme iliyokatwa katikati bila alama yoyote. Nusu ya bao inawaka, nusu nyingine kimya, na mwanafunzi anatafuta kosa kwenye programu saa nzima. Pima kwa multimita kwanza. Zoezi la LED (taa ndogo) liko sawa: volti 5, taa inachukua 2, zinabaki 3, kwa mA 15 unahitaji omu 200, unachukua rezista (kipinga umeme) ya 220. Lakini zoezi linalofuata ni mota, na kwenye vifaa vyetu hapakuwa na diodi (kipande kinachoruhusu umeme upande mmoja tu)! Pini ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kwenye bodi) ni ya kazi ya mA 20 hivi, wakati mota ndogo ikikwama huvuta mamia. Mota inahitaji transista (swichi ya umeme), diodi sambamba na mota (mstari wake uelekee chanya), na hasi ya betri ya mota iunganishwe na hasi ya bodi. Bila diodi, kila mota inapozimwa bodi inaweza kujianzisha upya au transista kuungua.

Vyuma vya kulehemu vilikuwa na ncha nyeusi kwa sababu hakuna anayezipaka lehemu kabla ya kuzima. Ncha nyeusi haipitishi joto vizuri, mtu anapandisha hadi nyuzi 450, na kipande cha shaba kinabanduka kwenye bodi. Ncha safi kwenye 350 inatosha: pasha waya na shaba pamoja kwa sekunde mbili, lisha lehemu kwenye kiungo wala si kwenye ncha, ondoa.

Mradi wa mwisho wa vikundi vya watu wanne sina mengi ya kuusemea. Mmoja anachora, mmoja anafanya kazi, wawili wanashika tochi, alama ni moja.

Kabla ya kujiandikisha, uliza wanafunzi ni wangapi kwa kila mashine, kama karakana hufunguliwa nje ya vipindi, na kama chuo kikuu unachokilenga kinahesabu saa hizi. Jibu la hilo la mwisho lidai kwa maandishi. Kifaa cha kununua mwenyewe ni kalipa (kipimo chenye taya) ya mm 150. Za karakana zimeanguka sakafuni mara nyingi. Funga taya zake, ziinue kwenye mwanga: ukiona mwanga ukipenya kati yake, vipimo utakavyosoma nacho huenda vina kosa.