Kliniki ya akili ambayo wiki mbili tu wanakwambia dawa inashika au haishiki (nyota 4)
Naandika kwa wenye mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili, mtu anasikia sauti zisizokuwepo) nyumbani. Mimi namuuguza mdogo wangu. Jina la kliniki siweki kwa ajili yake, ila ni ya binafsi, ipo hapa Dar.

Tulikotoka ilikuwa haloperidoli (dawa ya ugonjwa wenyewe), Artane (ya kutuliza mtetemeko) na tarehe ya kurudi, basi. Kila tukienda "vuteni subira, dawa inachukua muda", dogo mikono inamtetemeka, sauti bado anazisikia, miezi inakatika tu.

Huku nesi alimkalisha karibu saa nzima anajaza fomu ya kupima dalili, vipengele 30, kila kimoja alama 1 mpaka 7 (7 ndo mbaya zaidi), wakambadilishia dawa, wakampa olanzapini na kusema baada ya wiki mbili mrudi bila kukosa. Tumerudi, maswali yaleyale! "Redio bado inakusema?" Dogo akajibu "inanisema, ila kwenye taarifa ya habari tu, muziki wameacha." Nesi akacheka, akaandika 5.

Daktari akanionyesha hesabu, unatoa 30 kwanza maana hata mtu asiye na dalili yoyote anapata 30, halafu ndo unatafuta alama zimepungua asilimia ngapi. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi wa 2015, unasema ambaye hajapungua hata asilimia 20 kufikia wiki ya pili, karibu 9 kati ya 10 hata ukimsubirisha na dawa hiyohiyo dalili hazitapungua kufika nusu. Aliyepungua mapema nae sio kwamba kashapona, hapo bado wanamfuatilia.

Dogo hakufika 20. Kilichonifurahisha hawakukimbilia kubadili dawa, walihesabu vidonge vilivyobaki kujua kama anameza kweli, wakauliza sigara anavuta ngapi. Kumbe sigara inaishusha olanzapini kwenye damu, na huyu anamaliza pakiti kwa siku! Wakapandisha dozi, sauti zimepungua, sasa analala usiku.

Na wamesema kabisa, dawa mbili zikigoma kwa dozi kamili, kila moja angalau wiki sita, inayofuata ni klozapini, hakuna kujaribujaribu ya tatu na ya nne. Ila hiyo unapima damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa sababu inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, zile za kinga, na hapo hawana maabara, utapima kwingine kwa hela yako. Nyota moja nimeikatia hapo, pamoja na foleni, ukipangiwa saa tatu jua ni saa sita.

Bingwa yupo Jumatano. Beba vidonge vyote vilivyobaki na pakiti zake, watavihesabu.