Eti Chupa!

Nimelipa shilingi elfu moja na mia tano kudanganywa kwenye kituo cha kupima vito, na kadi ya huo uongo ninayo, imegongwa muhuri.

Mimi ni dereva wa lori. Njia yangu ni Mombasa, Voi, Taveta, na mara nyingine Nairobi. Wenzangu wakisimama njiani hununua ndizi au mkaa, mimi huokota mawe. Tanboi wangu, utingo wa lori, alishachoka kusema. Siku hizi akiona nimepunguza mwendo penye kokoto hujifunika kofia usoni akalala. Nyuma ya kiti chake kuna mkebe wa rangi umejaa ganeti, ulanga na vitu ambavyo hata mimi sivijui. Siuzi. Napenda tu kuyatazama.

Hili la buluu nililipata upande wa Murka, kabla hujafika Taveta, mwaka jana au mwaka juzi. Ni kama biskuti zilizosimamishwa wima zikagandana: vipande bapa, virefu, vinang'aa kama lulu ukivigeuza juani. Katikati ya kila kipande buluu imekolea kama wino, pembeni inafifia hadi kuwa nyeupe. Urefu wake kidole changu cha kati. Nililala nalo wiki nzima pale mbele ya usukani nikijiuliza ni nini.

Basi siku moja nikaegesha Mlolongo, nje ya Nairobi, nikapanda matatu hadi mjini. Kituo chenyewe sitakitaja. Kipo ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa. Mlangoni wameandika wanapima vito vya aina zote. Kwenye kaunta kijana, waya masikioni. Salamu hakuna. Nami nimelelewa Mombasa, salamu kwetu ni nusu ya biashara, kwa hiyo hapo tayari moyo ulishaanza kuchemka.

Akachukua ile kalamu ya kupimia almasi, akaligusisha jiwe mara moja. Mara moja tu! Kalamu ikanyamaza.

"Si almasi, mzee."

"Sikusema ni almasi."

"Basi ni glasi. Hii ni chupa, mzee wangu, zimejaa barabarani." Akamgeukia mwenzake, wakacheka.

Kalamu ile, kwa asiyeijua, hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Almasi hulipitisha upesi kupita kiasi, ndipo kalamu inalia. Isipolia umejua jambo moja: hiyo si almasi. Zumaridi halilizi kalamu ile. Jino langu pia haliilizi, je, jino langu ni chupa? Hakuangalia kwa lenzi, hakupima uzito, hata kulielekeza dirishani hakulielekeza. Akaandika kwenye kadi GLASI YA BULUU, akagonga muhuri kwa nguvu kama mtu wa uhamiaji pale mpakani Holili. Nikalipa. Kwa nini nililipa? Hata leo najiuliza.

Nikiwa nashuka ngazi ndipo akili ikarudi. Chupa ikivunjika hutoa mikunjo ya mviringo kama ndani ya ganda la kome. Haichaniki vipande bapa vilivyonyooka. Mtoto aliyewahi kuvunja soda anajua hilo.

Nyumbani nikaazima mizani ndogo kwa jirani yangu sonara. Jiwe kavu, gramu 38.6. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaliteremsha jiwe kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikasoma 10.7. Gawanya: 3.6, yaani jiwe ni zito mara 3.6 kuliko maji ya ujazo uleule. Glasi ya kawaida iko kwenye 2.5 hivi, labda iwe imetiwa madini ya risasi. Mke wangu alikuwa anangoja kikombe chake.

Halafu kisu. Hapa ndipo niliporuka kutoka kwenye kiti. Nikakwaruza kwa urefu wa kipande, kisu kikaacha alama. Nikakwaruza kwa upana, kipande kilekile, kisu kilekile, kikateleza kama juu ya kigae. Jiwe moja, ugumu wa aina mbili! Kuna madini mashuhuri kwa tabia hiyo, nayo ni kianaiti: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, kwa urefu ni 4.5 hadi 5, kwa upana 6.5 hadi 7. Uzito nao unaingia palepale. Na Murka ndiko kianaiti ilikochimbwa enzi za ukoloni, kwa vile inavumilia moto wa tanuri. Hata kauri nyeupe ya plagi za magari ya petroli zamani ilitengenezwa nayo. Lori langu ni la dizeli, lakini hilo tuliache.

Nikarudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimekuja na jiwe, kisu na kadi yao. Kijana akaanza, "Mzee, si tulishakwambia..." Kabla sijamjibu akatoka chumba cha nyuma mama mmoja wa makamo, miwani kwenye paji la uso. "Karibu, mzee. Umeshughulikiwa?" Akalichukua jiwe kiganjani, akaliinamisha kidogo kwenye mwanga.

"Kianaiti. Umeitoa Murka?"

Hasira yote ikaniishia pale. Nusu dakika, bila kifaa! Ningempa kila nyota niliyonayo.

Kwa furaha nikatoa mfukoni hazina yangu, tsavoraiti, ile ganeti ya kijani, niliyouziwa na kijana mmoja wa Mwatate miaka tisa iliyopita, nikamwekea mezani kwa maringo. Akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akanipa lenzi niangalie mwenyewe. Ndani kulikuwa na viputo, mviringo kabisa, kama vya soda. Ganeti haina viputo vya namna hiyo. Ile ndiyo ilikuwa chupa. Kijana wa kaunta akainamia simu yake, mabega yakimtikisika.

Sasa niwasifu au niwalaani? Mama yule ni hodari. Lakini nilipoomba ile kadi ya kwanza irekebishwe, kijana akasema kadi mpya ni elfu moja na mia tano nyingine. Kosa lenu, nilipe mimi? Nilikataa, nikaondoka, na mama alikuwa ameshaingia ndani kwa mteja mwingine. Kwa hiyo kianaiti yangu ipo nyumbani kabatini na kadi yenye muhuri inayosema ni glasi, na glasi yenyewe haina kadi.

Ukienda, nenda asubuhi. Tanboi alipitia pale mchana siku nyingine, nilimtuma, akaambiwa mama huondoka saa sita.