Kisigino kilichoniuma miezi tisa: uzoefu wangu wa vipimo na matibabu

Nalima zabibu Hombolo, kwa hiyo maumivu ya miguu nayajua. Haya ya kisigino cha kushoto yalikuwa mengine: yalizidi usiku, nikiwa nimelala kabisa. Zahanati ya kwanza waliniambia gauti. Ya pili, nimeteguka. Diklofenaki nilimeza mpaka tumbo likachafuka. Shemeji akasema nimekanyaga tego, nikachanjwa chale. Miezi tisa nzima hakuna aliyeniambia nikapige picha, na hilo sijalisamehe. Maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, na hukujigonga popote, dai eksirei.

Eksirei nilikuja kupigwa hospitali kubwa, Dodoma mjini. Daktari wa mifupa aliinyanyua picha dirishani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: mfupa wa kisigino umeliwa katikati, ndani mna vidoa vyeupe kama chokaa iliyomwagika. Akaagiza picha za ndani zaidi, MRI ya mguu na CT ya kifua, maana saratani ya mfupa hupenda kukimbilia mapafuni. Kifua kilikuwa safi, namshukuru Mungu.

Kwenye kuchukua kinyama cha kupima kama ni saratani ndipo ninapowapa alama zote. Daktari wa kunipasua ndiye aliyepanga sindano ipite wapi. Alinieleza kuwa njia ya sindano inaweza kubaki na chembe za saratani, kwa hiyo nayo huondolewa siku ya upasuaji. Ikichomwa ovyo, mpango wote unaharibika. Majibu yalichukua wiki tatu. Zilikuwa wiki ndefu.

Kondrosakoma, saratani ya gegedu. Nilidhani nitapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, nikawekewe dripu za dawa za saratani. Akasema aina hii kwa kawaida haisikii dripu, tiba yake kubwa ni kisu. Ingekuwa osteosakoma, saratani nyingine ya mfupa, dripu zingetangulia, kisha upasuaji, kisha dripu tena.

Nikakatwa chini ya goti. Nililia sana, na mke wangu akalia nami.

Mguu bandia niliulipia kwa mavuno ya msimu. Walipochukua kipimo, plasta ilipata joto kwenye kigutu ikiwa inakauka, nikashtuka. Soketi ya kwanza, yaani sehemu ya mguu bandia inayovikwa kwenye kigutu, ilinitoa malengelenge, wakairekebisha mara mbili bila kuninunia. Sasa natembea kati ya mistari ya mizabibu, ila mvua ikinyesha natumia gongo.

Kila miezi mitatu napiga picha ya kifua. Bahasha ya picha zote naiweka juu ya kabati, maana kila nikirudi daktari hulinganisha ya leo na za zamani.