Goldsaft: shira inayoonyesha ladha halisi ya kiazisukari

Kwa sisi tuliolelewa na sukari ya miwa, sukari nyeupe ya Ujerumani haitoi dalili yoyote kwamba ilitokana na kiazisukari, mzizi uliong'olewa ardhini, kwani ikishasafishwa haitofautiani na ile ya muwa. Mkemia Andreas Sigismund Marggraf alilionyesha hilo huko Berlin mwaka 1747, na mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, akaanzisha kiwanda cha sukari hiyo huko Cunern, katika jimbo la Silesia, kilichoanza kazi mwaka 1802. Anayetaka kuuonja mmea wenyewe, basi, na anunue shira, na ninayoipendekeza bila kusita ni Goldsaft ya kampuni ya Grafschafter, inayotengenezwa Meckenheim, karibu na Bonn.

Kopo lake la njano lina gramu 450, na ndani yake hamna kingine ila viazisukari. Mizizi hiyo, ambayo huanza kuvunwa Septemba, huoshwa, hukatwakatwa, hupikwa hadi ilainike, kisha hukamuliwa, na maji yake huchujwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito. Kwa kuwa chembe za sukari hazitengwi, rangi na ladha ya mmea hubaki humo. Ukichovya kisu na kukiinua, shira huteremka kama uzi mweusi usiokatika, lakini ikipakwa nyembamba juu ya mkate huwa ya hudhurungi iliyokolea. Utamu ndio unaotangulia ulimini. Nyuma yake huja uchungu mdogo, kama wa sukari iliyoungua, pamoja na ladha ya udongo wanayoijua vizuri walaji wa bitiruti nyekundu, ambayo ni ya spishi moja na kiazisukari.

Watu wa Rheinland, eneo la magharibi mwa Ujerumani, huila na chapati ndogo za viazi mbatata vilivyokunwa na kukaangwa, zikiwa bado za moto, na sijaona matumizi bora kuliko hayo, maana chumvi na mafuta huutuliza utamu wake. Mimi huitia pia kwenye uji wa ulezi mahali pa sukari guru, na hukubaliana nao vizuri sana. Kwenye chai ya maziwa siishauri, kwa sababu ile ladha ya udongo huifunika iliki. Na kwa kaimati, shira ya kawaida ya sukari bado ndiyo inayofaa, kwani hii ni nzito mno na huzitia weusi.