Boila yenye programu ya kutoa hewa: inavyojaa, inavyopumua, na pale inaponiudhi

Kuhusu joto la boila hii, mashine inayopasha moto maji ya nyumba, sina la kulalamika. Rejeta, yaani vile vyombo vya chuma ambamo maji ya moto hupita kupasha vyumba joto, zinapata moto upesi, kelele ni ndogo, na maji ya kuogea yanakuja vizuri. Ninachotaka kueleza ni ile kazi inayowatisha wengi, yaani kujaza maji kwenye mfumo na kutoa hewa, kwa sababu boila hii hutangazwa kwamba kazi hiyo inaifanya yenyewe. Nimeishi nayo majira ya baridi ya kutosha kusema kwamba tangazo lina ukweli nusu.

Mfumo wangu ni wa aina iliyofungwa, usio na tangi darini. Maji ni yaleyale, yanatoka kwenye boila, yanazunguka kwenye rejeta, yanarudi. Yakipungua unaongeza kutoka bomba la maji safi. Kwa boila nyingi hapo ndipo unapotafuta mpira wa kujazia, ule uliosukiwa waya wenye koki, unauunganisha, unajaza, kisha unauondoa tena ili maji machafu ya mfumo yasipate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Boila hii ina koki ya kujazia ndani yake, chini ya sanduku, pamoja na valvu ya kuzuia maji kurudi. Unageuza, unasikia maji yakiingia, unatazama geji ya presha. Mfumo ukiwa baridi unatakiwa usome kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha presha), na ukipata moto geji hupanda kidogo, jambo ambalo si la kukushtua.

Koki yenyewe ndiyo nimeipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye boila hii. Ni laini, inakubali kufunguliwa kidogo sana na kubaki hapo. Maji yakiingia kwa kasi huipita hewa na kuiacha imefungiwa kwenye viwiko na sehemu za juu za mabomba. Yakiingia taratibu huisukuma mbele mpaka pa kutokea. Kwa hiyo nusu ya kazi ya kutoa hewa hufanyika wakati wa kujaza, kabla hujagusa rejeta hata moja. Geji, kwa upande wake, ni ndogo na imewekwa chini kabisa. Lazima upige magoti na tochi mkononi. Aliyeiweka pale hakuwahi kujaza boila peke yake.

Sasa programu yenyewe. Unaiwasha kwenye menyu, moto hauwaki, pampu inazunguka na kusimama, inazunguka na kusimama, huku valvu ya ndani ikibadilisha njia kati ya rejeta na maji ya kuogea. Pampu inaposimama, mapovu hupata nafasi ya kupanda hadi kwenye kitoa hewa cha otomatiki. Ndani ya hicho kuna boya: hewa ikikusanyika boya hushuka na kufungua tundu, maji yakifika hupanda na kuliziba. Mara ya kwanza ilibwabwaja kama mtungi unaozamishwa kisimani, kisha ikatulia. Angalia tu kwamba kifuniko kidogo cha kitoa hewa kimelegezwa. Kikiwa kimekazwa, hewa haina pa kutokea na programu inazunguka bure.

Ilichofanya, ilikifanya vizuri: boila na mabomba ya karibu havikuwa na hewa. Rejeta ni habari nyingine. Zangu za juu zilibaki za moto chini na za baridi juu, dalili ileile ya siku zote ya hewa iliyokaa. Hapo hakuna programu. Unazima boila, unaacha maji yapoe, unahakikisha valvu zote za rejeta ziko wazi, unaanza na za ghorofa ya chini ukipanda. Ufunguo kwenye kichwa cha mraba cha skrubu ya kutolea hewa, juu ya rejeta, geuza kidogo tu, tambara chini yake. Itapiga mluzi, itatema mate, na maji yakitoka mfululizo unafunga. Ufunguo uliokuja kwenye boksi ni wa plastiki na ulianza kulika haraka. Tafuta wa shaba. Kila hewa inayotoka hushusha presha, kwa hiyo unarudi kwenye geji na kuongeza. Mkiwa wawili, mmoja akae kwenye koki, kazi inakuwa nyepesi mno.

Halafu inarudiwa. Maji mapya huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa hiyo hujitenga maji yakipashwa moto. Rejeta iliyokuwa sawa inaweza kuanza kubwabwaja baada ya mfumo kuwaka kwa muda, bila mtu yeyote kukosea. Mwongozo ungelisema hili waziwazi.

Kero yangu kubwa ni ujumbe wa kwenye kioo. Presha ikishuka, boila inasimama na kukuambia uongeze maji, basi. Na kwa kuwa koki iko pale, laini, karibu na mkono, unaongeza. Wiki nyingine tena. Mfumo uliofungwa hauli maji. Ukiyapoteza mara kwa mara, kuna mahali yanavuja. Kama geji hukimbilia bar 3 boila ikiwaka kisha huanguka ikipoa, shuku tangi la upanukaji, chombo chenye hewa kinachopokea maji yanapopanuka kwa joto, kwamba limepoteza hewa yake, na valvu ya usalama, ambayo kwa kawaida hufunguka kwenye bar 3, inamwaga maji nje usikokuona. Kila unapojaza unaingiza oksijeni mpya, na oksijeni ndiyo chakula cha kutu. Rejeta zinazojaa gesi kila mara, zikitoa maji meusi, huenda tayari zinaliwa kwa ndani. Zinahitaji kusafishwa na kutiwa dawa ya kuzuia kutu. Dawa hiyo hutoka na maji ukimwaga mfumo, kwa hiyo unapojaza upya, itie upya.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtu anayeogopa mpira na spana ni nafuu kubwa, na kwa nyumba yenye rejeta chache utaimaliza kazi bila kumwita fundi. Ila boila haiweki kumbukumbu ya lini koki ilifunguliwa. Mimi nimebandika karatasi ubavuni mwa sanduku: tarehe, presha kabla, presha baada. Fundi alipokuja kukagua tangi la upanukaji, alianza kwa kuisoma hiyo.